Mshenga wa Babu

Majina yalikuwa sitini na moja, yameandikwa kwa mkaa upande wa ndani wa mlango wa kabati la dawa. Mkunga Luse alipoufungua mlango ule mbele ya Aurélie, harufu ya spiriti na mbao kuukuu ilitoka kama pumzi ya mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza ndoto yake. Majina ya juu yalikuwa mazito na meusi. Ya katikati yalikuwa yameanza kufifia. Ya chini kabisa, ambako mkono ulikuwa umechoka au mkaa ulikuwa unakwisha, yalisimama membamba kama miguu ya korongo kwenye maji ya kina kifupi.

"Hawa ndio batoto mashini ilimeza," alisema Luse. "Soma."

Aurélie alisoma kimya, midomo ikicheza. Alitaka kusema kwamba mashine ile haikuwa yake, kwamba ililetwa na watu wengine miaka miwili kabla yeye hajamaliza chuo. Lakini maneno yake yalikuwa na tabia ya kufika mlangoni yakasita, kama mgeni asiye na hakika kuwa amealikwa. Akaendelea kusoma.

Kilwa ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru. Huingii wala hutoki ila kwa mashua. Nyumba ya wazazi ya kanisa ina vyumba viwili na veranda, na kila mtoto anayepokewa na mikono ya Luse huandikwa, kisha orodha hupelekwa ng'ambo, Nchelenge, ili apatiwe cheti. Mama wengine wa kisiwa walizaliwa hapo hapo, wengine walivuka kutoka Kongo, na uso wa mtoto mchanga hausemi mama yake ni yupi kati ya hao. Mtoto asiyeandikwa hubaki na kazi ya kuwaeleza watu, maisha yake yote, kwamba alizaliwa.

Mfumo wa kwanza wa kuwaandika kwa kompyuta ulikuwa na sura ya kupendeza. Siku moja mashine ilipelekwa ng'ambo kubadilishiwa betri, ikanusa mtandao, ikajigeuza yenyewe bila kumwuliza mtu, na iliporudi kisiwani haikuweza tena kuifungua orodha ya jana yake. Luse aliketi siku mbili mbele ya kabati, akiwaita watoto mmoja mmoja kutoka kichwani mwake na kuwaandika mlangoni kwa mkaa wa jikoni.

"Sasa kanisa linasema mnaleta kingine."

"Ndiyo, bamayo," Aurélie alijibu, kwa lile neno la Kibemba la kumheshimu mama.

"Cha nani?"

"Ni kompyuta ndogo, inatumia jua, halafu ndani yake..."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni cha nani." Luse aliufunga mlango wa kabati polepole, kama anayewafunika watoto shuka. "Mwanamume akija kuoa hapa, hatuangalii viatu. Tunauliza ukoo. Wanaishi vipi, wanagombana vipi, wakikosea wanafanya nini. Wewe nenda uulize, halafu urudi utuambie. Wewe ndiye shibukombe."

Shibukombe ni mshenga. Ni mwanamume mtu mzima, mwenye ulimi uliotulia, anayetumwa na upande wa mume kwenda kuketi mbele ya wakwe na kuhojiwa mpaka jasho limtoke. Aurélie alikuwa na miaka ishirini na minne, na sokoni alikuwa akinunua nyanya zilizobonyea kwa kuona haya kuchagua nzuri.

*

"Shibukombe wa kompyuta!" Ben alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Mukwai, mheshimiwa, ngoja kwanza niwatangazie wauza samaki."

"Usiwatangazie, Ben."

"Basi nitawanong'onezea."

Kibanda chao cha kutengeneza simu na kompyuta kilikuwa Kashikishi, hatua chache kutoka ufukweni. Ben alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili, jambo lililofaa, kwa kuwa Aurélie alikuwa na maneno ya nusu mtu. Ben alizungumza na wateja. Aurélie alizungumza na vilivyoharibika. Sasa kanisa lilikuwa limewapa kazi ya kuchagua mfumo utakaokaa Kilwa, na mezani pao, ndani ya kompyuta moja, wachumba walikuwa wawili.

Wa kwanza Ben alimwita Kijana. Aliundwa na kampuni ya mbali, alikuwa na rangi za asubuhi, alijua Kibemba, na kila baada ya wiki mbili alivaa sura mpya. Wa pili Ben alimwita Babu. Babu alikuwa wa kijivu tangu juu hadi chini. Hakuwa na kampuni. Alikuwa ameshonwa kwa miaka kumi na tisa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani: wauguzi, walimu wa hesabu, mama mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Wengi wao hawakuwahi kuonana.

"Kijana anang'aa, Babu anakohoa," alisema Ben. "Mimi naona kazi imekwisha."

Aurélie hakubishana. Alichukua kiti, akageukia dirisha lenye mwanga, akaanza kufanya lile alilotumwa: kuuliza ukoo.

Watu wa Kijana waliandika juu ya kasi, juu ya kesho, juu ya kuwa wa kwanza. Yalikuwa maneno mazuri, na kila alipoyasoma yalimteleza kama sabuni. Watu wa Babu walikuwa na ukurasa mmoja tu wa ahadi, hauna hata picha. Hatutabadilisha kitu nyuma ya mgongo wako. Ulichoandika leo utakisoma baada ya miaka ishirini. Hatutaji siku ya toleo jipya. Litatoka litakapokuwa tayari. Hatufichi kasoro zetu. Na chini ya maneno hayo, kama nguo za ndani zilizoanikwa mbele ya wageni, zilipangwa kasoro zenyewe. Nzito zilikuwa ishirini na tatu, kila moja na jina la aliyeigundua na jina la anayehangaika nayo.

Siku tatu, mvua ikitwanga mabati, alisoma ugomvi wao. Waliwahi kubishana wiki tano juu ya mama asiyeijua tarehe aliyojifungua: je, mfumo umlazimishe kubuni tarehe, au ukubali kutojua? Wengine walisema kutojua ni uchafu. Mwishowe yule mama wa reli aliandika: "Mtu wa mwisho atakayetumia kazi yetu bado hajazaliwa. Tumwachie nafasi." Na wakaacha nafasi.

Aurélie alirudi kwenye sentensi hiyo mara nyingi, kama ulimi unavyorudi kwenye pengo la jino. Chuoni Mansa mwalimu mmoja alizoea kusema mbele ya darasa, "Aurélie atafika, kama barua," na darasa likacheka, na yeye akacheka nao ili asionekane akilia. Tangu hapo aliubeba upole wake kama kilema. Hakuwahi kufikiri kwamba huko duniani kulikuwa na kundi zima la watu waliokubaliana kufika kama barua, na kwamba wengine waliwaamini kwa sababu hiyo hiyo.

Akagundua jambo jingine. Tangu Novemba, watu wa Babu walikuwa wamefunga. Hakuna kipya kilichoruhusiwa kuingia katika toleo lijalo, hata kiwe kitamu namna gani; kilichoruhusiwa ni kuziba matundu tu, mpaka matundu mazito yote yaishe.

Aliinua macho. Nje, ziwa nalo lilikuwa limefungwa. Tangu Desemba hakuna aliyeruhusiwa kuvua hadi Februari ipite, ili samaki wazaane kwa amani. Nyavu zilikuwa zimelazwa mchangani, maji na mbingu vilikuwa na rangi moja ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, na Kilwa ilielea katikati bila kushikwa na kitu. Akawaona watu wale wasioonana, kila mmoja mlangoni kwake, mwingine kwenye baridi asiyoijua Aurélie, kila mmoja na kipande cha wavu ule ule magotini, wanashona. Hawakutazama saa. Walitazama tundu.

"Umelala?" aliuliza Ben.

"Hapana."

"Basi funga mdomo, nzi wa ziwa wataingia."

*

Wanawake wa Kilwa walimpokea chini ya banda la matete, ambako walikuwa wakishona nyavu. Ziwa likifungwa mikono haifungwi. Walikuwa kama kumi, miguu imenyooshwa, nyuzi za nailoni zimefungwa kwenye vidole gumba vya miguu. Luse aliketi katikati yao. Pembeni, mama kijana aliyeitwa Mwenya alikuwa akinyonyesha mtoto wa siku tisa.

Aliyesema sana alikuwa Princesse, mwenyeji wa Pweto, aliyevuka na kuolewa kisiwani, mwuza sabuni na vitenge.

"Tangu lini shibukombe anavaa kitenge?"

"Tangu wanaume waanze kuogopa maswali," alijibu Luse. "Mwacheni akae. Sema, mwanangu."

Aurélie aliketi, akaiweka kompyuta mapajani. "Bamama, wachumba ni wawili. Wa kwanza ni kijana. Ni mzuri wa sura. Anajua Kibemba."

"Huyo tayari anakaa," mmoja alisema.

"Kila baada ya wiki mbili anabadilika."

Sindano mbili zilisimama. "Anabadilika kuwa nani?" aliuliza Princesse.

"Sura. Na mahali vitu vilipo. Leo kitu kiko kulia, kesho kiko kushoto."

"Bwana yangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Kila wiki mbili mutu mupya. Siku moja nikamuuliza, wewe njo nani?"

Walicheka, na kicheko kilipopungua Luse aliuliza, "Makosa yake?"

"Watu wake wanasema hana."

Kisha kicheko kingine kililipuka, kikubwa kuliko cha kwanza, hata ndege weupe waliokuwa kwenye mafunjo wakaruka wote kwa pamoja.

"Na wa pili?"

"Wa pili ni... mzee."

"Yesu wangu!" Princesse alijipiga kifua. "Anatuletea babu!"

"Ndivyo Ben anavyomwita," alisema Aurélie, na alishangaa kusikia sauti yake ikicheka. "Ni wa kijivu. Hajui Kibemba. Hana hata namba ya simu ya kupiga akiugua."

"Shibukombe gani huyu, anaponda mutu wake mwenyewe?"

"Anaponda kwa kuwa hataki kutudanganya," alisema Luse. "Endelea. Watu wake wanagombana?"

"Sana. Mbele ya watu wote. Hata mimi nimesoma."

"Wanatukanana?"

"Mara chache. Halafu wanaombana radhi, na radhi nayo wanaiacha pale isomwe."

"Hiyo nzuri. Nyumba usiyosikia ugomvi, ujue kuna mutu amebanwa mdomo. Makosa yake?"

"Ishirini na tatu makubwa."

"Umeyahesabu wewe?"

"Wameyahesabu wenyewe. Na sasa hivi wamefunga ziwa."

Hapo ilibidi aeleze. Alieleza polepole, akitafuta kila neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyemmalizia sentensi. Alieleza kwamba kitu kipya hakiingii, kwamba wanaziba matundu tu, kwamba hawajui watafungua lini kwa sababu tundu halina kalenda. Mikono ya wanawake ilikuwa imetulia juu ya nyavu.

"Nani anawalinda wasivue kwa kujificha?" Princesse aliuliza.

"Hakuna. Wanajilinda wenyewe."

"Hapa na askari wa samaki yuko, bado batu banavua."

"Batu gani?" Luse alimtazama.

"Mimi sikutaja mutu," alisema Princesse, akainamia wavu wake kwa bidii kubwa.

Luse aliinuka, akajikung'uta mchanga, akamwonyesha Mwenya kwa kidevu. "Bon. Maneno tumesikia. Sasa wamwandike huyu. Nilimweka mama yake kwenye mashua apelekwe ng'ambo, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala vibaya. Hakungoja ng'ambo. Alizaliwa katikati ya ziwa. Waambie wachumba wako wamwandike."

Mfumo wowote wa aina hii humtaka mwandishi aguse ramani mahali mtoto alipozaliwa. Aurélie alimfungua Kijana kwanza. Aligusa ile bluu tupu kati ya kisiwa na nchi kavu. Ua dogo la kijani lilichanua: imeandikwa. Wanawake waliinama kutazama, na Aurélie alikuwa karibu kutabasamu alipousoma mstari wa chini. Mahali pa kuzaliwa: Kashikishi.

"Amemhamisha," alisema. "Amempeleka ufukweni."

"Ameuliza?"

"Hapana, bamayo."

Alimfungua Babu, lile toleo jipya ambalo bado lilikuwa linashonwa. Akaigusa bluu ile ile. Babu alisimama. Maneno ya kijivu yalisema kwamba mahali hapo hapakaliwi na watu, na kwamba haiwezekani kuendelea. Akajaribu tena. Babu hakusogea.

"Basi wa kwanza mwongo," alisema Princesse, "na wa pili mbishi."

Mtoto wa Mwenya alipiga chafya, akarudi kwenye ziwa la mama. Aurélie aliitazama ile bluu, na ikawa kama bluu nyingine, ya mwaka 2017, alfajiri, kati ya Pweto na Chienge, yeye akiwa na miaka kumi na sita, ameshika taa ya simu juu ya mama yake aliyekuwa amelala juu ya magunia. Mdogo wake Chouchou alizaliwa hapo. Kituoni Kenani, walikopokewa wakimbizi, karani aliuliza ni wapi, na mama yao, mama Marie, akaunyoosha mkono kulielekea ziwa, na karani, aliyekuwa na watu mia nne nyuma ya mama Marie, akaandika Kenani. Mpaka leo mama husema, "Kenani haikunisikia nikilia. Maji njo yalinisikia."

Angeweza kusema neno jepesi. Angeweza kusema, wekeni ufukwe wa karibu, ndivyo watu wote wanavyofanya. Neno lilikuwa tayari ulimini, laini, lisilomuudhi mtu.

"Sijui," alisema. "Sijui kwa nini anakataa."

"Watu wake walisema hawafichi makosa," alisema Luse. "Waambie hili. Tuone."

"Na wakinyamaza?"

"Wakinyamaza, basi yale yalikuwa maneno ya uchumba."

*

Thelma, msimamizi wa mradi wa kanisa, alikuwa na ofisi Nchelenge na kalamu aliyoizungusha vidoleni wakati wa kufikiri.

"Tarehe?" aliuliza.

Ben alifungua mdomo amsaidie mwenzake, kama kawaida yake. Aurélie alimgusa mkono, na Ben akaufunga.

"Tarehe haipo, mama Thelma."

"Mpenzi, kompyuta iko ndani ya boksi. Wafadhili wananiuliza kila wiki. Kijana yupo tayari."

"Kijana anawahamisha watoto."

"Kwa kilomita chache."

"Ndiyo," alisema Aurélie. Aliilaza mikono yake juu ya meza. "Mimi nasema bado."

Kalamu ilizunguka, ikasimama. Thelma alisema atangoja mpaka ziwa lifunguliwe, tarehe mosi Machi. Siku hiyo kama hakuna jibu, Kijana atapanda mashua.

Ilimchukua Aurélie siku mbili kuwaandikia watu wa Babu mistari saba. Aliandika kwa Kiingereza cha chuo, akafuta, akaandika tena, akiwaona watu wale wakiinua vichwa kutoka kwenye nyavu zao na kumcheka. Mwishowe aliacha sentensi moja iwe ya kwanza: Huku kwetu watoto wengine huzaliwa juu ya maji. Akafumba macho, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa mtu mmoja mwenye adabu na haraka. Hii si kasoro, alisema. Weka ufukwe ulio karibu. Na akaifunga hoja, kama mtu anavyorudisha mlango polepole ili usije ukabamiza.

Ben alisoma juu ya bega lake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Pole, dada," alisema, akaenda kununua vitumbua viwili akaviweka karibu naye, naye hakuvila.

Siku nzima alitembea ufukweni. Hakumkasirikia yule mtu. Alijikasirikia mwenyewe, kwa jinsi alivyoona nafuu. Mlango ukifungwa, mtu mwenye haya hupumua: hakuna tena wa kuongea naye. Lakini kila alipofika mwisho wa ufukwe na kugeuka, aliuona mkono wa mama Marie ukiyaelekea maji, na karani akiandika kitu kingine.

Akarudi kibandani akiwa ameloa, akaifungua hoja upya. Hakusawazisha Kiingereza chake. Aliandika: Mdogo wangu ana miaka minane. Ameandikwa mahali ambapo mama yangu hakumzaa. Mlisema hamfichi makosa. Hili mmelificha ufukweni. Ninyi ndio mlioacha nafasi kwa mama asiyejua tarehe. Sisi mahali tunapajua. Ni ramani yenu isiyopajua.

Siku moja ikapita, siku mbili, siku kumi. Kasoro nzito za Babu zilipungua: tisa, tano, mbili. Jina la Kilwa halikuwamo kati ya zilizosalia. Siku ya kumi na moja kasoro iliyobaki ilikuwa moja tu, na watu wa Babu walikuwa wameanza kupongezana, kwa tahadhari, kama wavuvi wanaonusa upepo wa Machi.

Kisha mama wa reli akaandika. Alisema alikuwa hospitalini, ndiyo maana alichelewa kusoma, na kwamba amesoma mara tatu. Mfumo wa kuandika vizazi unaokataa kuandika kizazi, alisema, umesahau kazi yake. Wakagombana. Siku mbili waligombana, na Aurélie alifuatilia kila neno bila kula vizuri. Mmoja alisema haiwezekani kuchelewesha nchi arobaini kwa sababu ya kisiwa kimoja. Mwingine akamwuliza: visiwa vingapi vinatosha? Na mwishowe yule mwenye haraka alirudi. Aliandika kwamba alikosea, kwamba aliiona alama juu ya maji na hakumwona mtu. Akaichukua hoja kwa mkono wake mwenyewe, akaiandika miongoni mwa nzito.

Idadi ikabadilika. Mbili.

"Ngoja, ngoja," alisema Ben. "Yaani dunia nzima imesimama kwa sababu ya Kilwa?"

Aurélie alitoka nje akasimama mvuani, mvua nyepesi isiyo na haraka, na alihisi kana kwamba mtu fulani mbali sana ameuweka chini wavu wake, amegeuka, na kumwuliza jina.

Thelma alisoma ule ugomvi wote, mwanzo hadi mwisho, kalamu imelala mezani. "Nitawaandikia wafadhili," alisema. "Sijui nitawaambiaje, lakini nitawaandikia." Na boksi likabaki ofisini.

*

Aurélie alivuka siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa. Ufukwe wa Kilwa ulikuwa na harufu ya lami mpya ya mashua, na wanaume walikuwa wakizigeuza, wakizipiga ngumi ubavuni kama ng'ombe wa kuuza. Chini ya banda la matete kazi ilikuwa karibu kwisha. Nyavu zilikuwa zimekunjwa, zimerundikwa kama mawingu.

Aliwaeleza yote, hata mlango uliofungwa, hata vitumbua.

"Alisema hakumwona mutu?" Princesse aliuliza. "Aliandika hivyo, mwanaume muzima?"

"Aliandika."

"Vraiment. Huyo mama yake alimlea."

"Na lini watamaliza?" aliuliza Luse.

"Hawajui. Wameuliza swali kwanza." Aurélie alitoa karatasi aliyoichapisha, akaitafsiri neno kwa neno. Mama wa reli alitaka kujua: mwanamke aliyejifungulia ziwani, mwenyewe husema amejifungulia wapi? Sisi hatujui maji hayo yanaitwaje. Tusingependa kumbunia. Mwulizeni.

Luse alimtazama Aurélie. "Wanauliza," alisema. "Basi ni watu."

Ubishi ulianza papo hapo. Mmoja alisema iandikwe Mweru tu, ziwa ni ziwa. Mwingine alisema Mweru ni kubwa, huwezi kumwambia mtu amezaliwa Afrika. Princesse alitaka jina la mashua. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na chupa ya lami alisimama akataja kina cha maji kwa pima, wakamfukuza kwa vicheko. Maji yana majina, walisema, lakini majina ya wavuvi: penye mawe, penye nyasi, pale unapoanza kuona mnara wa simu. Wakapandishiana sauti, kila mmoja na ziwa lake.

"Mwacheni mwenyewe," alisema Luse.

Wakamgeukia Mwenya. Alikuwa ameketi palepale pembeni, mtoto amelala begani, na aliona haya kwa kutazamwa hivyo; Aurélie aliijua haya hiyo, akashusha macho yake ili kumpunguzia.

Hakuna aliyemharakisha.

"Kulikuwa na kelele ya injini," alisema, sauti ndogo. "Nilikuwa sisikii hata mwili wangu. Mwenye mashua akaona, akaizima. Tukawa tunaelea tu. Ikawa kimya, kimya kabisa, mpaka nikasikia maji chini ya mbao. Akazaliwa hapo." Alimpangusa mtoto mate kwa kona ya kitenge. "Waandikie hivyo. Pale injini ilipozimwa."

Aurélie alikuwa ameshika kalamu. Alijua kwamba hakuna ramani yenye mahali hapo, na kwamba watu wale wangegombana tena, pengine wiki tano, pengine zaidi. Akaiweka karatasi juu ya goti, akamwomba Mwenya aanze upya tangu mwanzo, taratibu, ili asipitwe na neno.